Hati ya Siku Kumi na Nne

Saa kumi na moja na nusu jioni Fundi alifunika cherehani yake, akakunja pajama mbili za baba yake alizozipunguza viuno, akazitia mfukoni. Pajama zilikuwa kisingizio tu. Alikuwa anakwenda kumbana kaka yake.

Kisa chenyewe ni hiki. Mzee alipozidiwa, watoto wake wawili walimpeleka kwa wakili, akaweka dole gumba kwenye hati ya uwakala ya muda. Kwa siku kumi na nne, kaka mtu, ambaye tangu utotoni wanamwita Kibonge, angetoa pesa za mzee benki, angepokea kodi za wapangaji na kulipa hospitali kwa niaba yake. Siku kumi na nne tu, basi. Wakili akawaonya: "Ila mzee akifariki, hata kama ni leo, hati nayo imekufa hapo hapo. Msije mkaitumia."

Tangu siku ile Fundi hakumtia baba yake machoni. Akija asubuhi, Kibonge anamjibu nyuma ya mlango bila kufungua: "Mzee amelala." Akija mchana, amelala. Akaenda hospitali, karani akapekua daftari, akamwambia hakuna mgonjwa kama huyo aliyeletwa wala malipo yaliyofanywa. We! Sasa pesa zinakwenda wapi? Fundi alishajipa jibu: kaka mtu anazitafuna. Na leo ndiyo siku ya kumi na nne.

Mlango ulikuwa umerudishiwa tu. Akausukuma.

Harufu ikampiga usoni. Karafuu maiti.

"Hodi..."

Kutoka sebuleni, kitu kikawa kinagonga mezani. Ko... ko... ko...

"Pita, dada. Tunakusubiri wewe."

Sauti hiyo hakuijua. Ilikuwa ya mwanamume aliyekaa mezani na faili mbele yake, shati limefungwa vifungo mpaka shingoni, anagonga gonga kwa kalamu. Ungemkuta katika ofisi yoyote ile usingemgeukia mara mbili. Sakafuni, mgongo ukutani, alikaa mtu mwingine, na Fundi nusura ampite. Alikuwa Kibonge. Wiki mbili tu zilizopita shati hilo lilikuwa linambana tumbo. Sasa lilining'inia, na mkanda ulikuwa umemzunguka kiuno karibu mara mbili.

"Kaka! Umekuwaje?"

"Nimechoka, Fundi. Nimechoka sana."

Na dirishani, kwenye kiti chake, alikaa mzee. Wima. Macho wazi. Inzi akatua juu ya jicho lake la kushoto, akatembea... akasimama... akatembea tena.

Jicho halikupepesa.

Fundi alitaka kupiga yowe, lakini mzee akageuza uso polepole. "Umekuja, mama," akasema. Midomo ilicheza, ila kifua hakikupanda wala kushuka.

Binadamu bwana! Katika hali ile, Fundi aliuliza swali alilokuja nalo. "Pesa za baba ziko wapi?"

Kibonge akamsogezea kitabu cha benki. Fundi akafunua ukurasa baada ya ukurasa. Hakuna hata shilingi iliyoguswa.

"Alikufa siku ile ile tuliyotoka kwa wakili," Kibonge akanong'ona. "Mikononi mwangu. Nikachanganyikiwa. Mara huyu bwana akawa mlangoni, sijui kaitwa na nani. Hakunipa hata pole. Aliniuliza tu, hati mnayo?"

Mgeni akaacha kugonga. "Wakili aliwaambia mzee akifa, hati inakufa," akasema kwa upole. "Mimi naisoma kuanzia upande wa pili. Hati ikiwa hai, mzee haondoki. Masharti ni machache. Anayeishika awe mtu mzima, awe damu yake, na mtu hashiki mara mbili." Akasogeza karatasi mpya mbele ya Fundi. Jina lake lilikuwa limeshaandikwa. "Kaka yako kamaliza zamu. Jua likizama hujasaini, basi tena."

Nje jua lilikuwa limebaki kipande chembamba juu ya mabati ya jirani.

"Mama..." Ni mzee. Kila neno lilimtoka kwa shida. "Usisaini. Hapa nilipo si kwenu... si kwa wafu. Naomba... uniache."

Fundi alilia kwa kwikwi. Siku kumi na nne alikuwa amelala na kuamka akizipigia hesabu pesa za mzee. Mzee mwenyewe hakumwaza. Hakumuaga. Wala hakumwomba radhi kwa lolote, na binti yupi hana la kumwomba radhi baba yake?

"Fundi," Kibonge akasema, machozi yanamchuruzika, "mimi nilishindwa kumwachia. Kama wewe unaweza, mwache."

Mwanga ukatoka mezani. Ukapanda ukutani. Ukafika karibu na dari.

Siku kumi na nne tu, Fundi alijiambia. Nimuage vizuri, halafu basi.

Akasaini.

Kitu cha baridi kilimshika kiganja, kikabana, kikatulia humo humo. Mgeni alipuliza wino ukauke, akafunga faili, akatoka bila kuaga. Jua likazama. Mzee alikuwa bado amekaa wima.

"Baba! Upo. Baba, upo!"

Mzee alimtazama.

"Nilikuomba, mama."

Hakusema naye tena. Fundi alimhamishia kwake, akamwekea kiti chumbani, na kila akiamka anamkuta amegeukia ukuta. Amemwomba radhi hadi sauti imemkauka. Anauomba ukuta. Wakili alipoulizwa habari za mgeni yule alisema hamjui, na majirani wa Kibonge wanaapa hawakuona mtu akiingia wala kutoka. Kibonge mwenyewe ameanza kurudisha mwili, lakini kwa dada yake hakanyagi. Wateja nao wanamuuliza Fundi kama anaumwa, na yeye anawacheka, anasema ni kazi nyingi.

Leo jioni siku zake zimekwisha. Ameapa mara mia kwamba atamwachia. Amemsugua miguu, amembadilisha shuka, amemwambia kwaheri, na kila akilitamka neno hilo anarudi kumsugua miguu upya.

Mezani binti yake wa pekee anadurusu mitihani yake ya mwisho ya shule. Alitimiza miaka kumi na minane mwezi uliopita.

Chumbani kiti kililia. Fundi akageuka. Kwa mara ya kwanza mzee alikuwa ameupa ukuta mgongo. Alimtazama mjukuu wake, kisha akamtazama Fundi, akawa anajitahidi kutikisa kichwa. Kushoto... kulia... kushoto...

Fundi alikiona kichwa kile, na akakielewa vizuri kabisa.

"Mwanangu," akaita, na sauti yake mwenyewe ikamtisha, "kile kitambulisho chako kipya umekiweka wapi?"