Kanyaga Kabla ya Kuondoka

Pedali ya breki ilizama hadi sakafuni.

Asteria Kapinga, mpelelezi wa polisi, alikuwa bado hajaondoka. Alikuwa na desturi moja: kukanyaga breki kabla ya kuachia handibreki. Desturi hiyo ndiyo kwanza imemwokoa.

Akaruka chini, akachungulia nyuma ya tairi. Bomba la mafuta ya breki lilikuwa limekatwa kwa kisu.

Delporti.

Wakati Asteria akimfunga pingu mlinzi wake ndani ya ghala, mgeni huyo alitoka kwa mlango wa nyuma, akakata bomba, akawasha Land Cruiser yake na kuanza kuteremka kuelekea Mbamba Bay.

Asteria akabonyeza redio yake, akaita kituo.

"Kiota, hapa Kipanga. Delporti anashuka ziwani. Ana mashine ya kuchapia maboksi. Sina gari."

"Boti yake tumeizuia. Lakini kuna tatizo, Kipanga. Watoto wa kipaimara wameanza maandamano ya kumpokea Askofu. Wamejaa barabara yote hapa chini."

"Waondoeni."

"Tunajaribu. Wanaimba, hawatusikii."

Damu ikamchemka. Kwa miezi mingi Delporti alikuwa akivusha pedi za breki za bandia kutoka ng'ambo ya ziwa. Boksi zuri, simba wa dhahabu juu yake. Ndani, unga wa mbao na gundi. Mabasi yalitumbukia makorongoni, watu wakasema kona zina shetani.

Asteria hakumwamini shetani wa kona. Alimjua kwa jina.

Kijana mmoja, mbeba kahawa, alikuwa akipita na baiskeli nyeusi aina ya Phoenix.

"Kaka, jina lako?"

"Wilfred."

"Serikali inahitaji baiskeli yako."

"Serikali ina magari." Wilfred akaitazama bastola kiunoni mwake. "Haya, chukua. Ila ukiivunja, dada, unanioa."

Asteria akabana breki zote mbili, akaisukuma baiskeli mbele. Magurudumu yakagoma. Raba nene, rimu kavu isiyo na tone la mafuta. Huyu kijana alijua kazi.

"Subiri!" Wilfred akafunga tawi la mkaratusi nyuma, liburutike ardhini. "Hapa kwetu hatushuki bila tawi. Breki peke yake itaungua."

Asteria hakuifuata lami. Alikamata njia ya miguu, ile inayokata kona zote kati ya mashamba ya kahawa. Tawi lilikwaruza, vumbi likapaa, baiskeli ikatii.

Kona ya kwanza. Land Cruiser ilikuwa imeshapita.

Kona ya pili. Akaiona chini yake, ikikimbia. Injini ilinguruma kidogo tu, kama gari lililoegeshwa.

Ameweka frii, gia haimshikilii!

Halafu harufu ikamfikia. Harufu ya breki zinazoungua.

Redio ndogo aliyomnyang'anya mlinzi ikakoroma mfukoni.

"Breki hazishiki!" Ilikuwa sauti ya Delporti. "Mlinzi! Nifanye nini?"

"Mlinzi ana pingu," Asteria akajibu. "Nani alikufungia pedi?"

"Kumbe ni wewe! Fundi... fundi wa Mbinga!"

"Alinunua wapi?"

Upande wa pili zikasikika tairi zikilia.

"Kila duka limejaa simba wako, Delporti. Umetuuzia sumu mpaka umeinywa mwenyewe."

"Nisaidie! Kuna watu chini, nawaona!"

Nyimbo zilipanda bondeni. Nguo nyeupe zilimetameta kwenye lami.

"Sikusaidii wewe. Nawasaidia wale. Acha kelele, fanya ninachosema. Kanyaga klachi, piga resi, ingiza gia ya tatu."

Injini ikalia kama ng'ombe aliyechomwa.

"Sasa ya pili! Usizime injini!"

"Imeingia!"

"Handibreki. Polepole, usiikwapue."

Gari likapungua mwendo, lakini halikusimama.

"Kona ijayo, upande wa mlima. Liegemeze gari kwenye udongo."

"Litaharibika!"

"Liharibike!"

Chuma kikasaga udongo. Kioo cha pembeni kikaruka. Land Cruiser ikajiburuta, ikazama mtaroni, ikakaa.

Asteria alipofika, Delporti alikuwa ametambaa nje, mkono wake ukipapasa koti.

"Thubutu," Asteria akasema. Mdomo wa Glock ulikuwa umeshamtazama usoni.

Mkono ukashuka.

"Bidhaa yangu ina cheti," Delporti alinong'ona.

Kwenye breki ya mbele, kipande cha pedi kilikuwa kinaning'inia, kinafuka moshi. Asteria akakiangusha kwa kijiti, akakikanyaga kwa kisigino. Kikasagika kama mkate mkavu.

"Kawaambie wenzako ng'ambo. Milima hii si jalala lenu. Mlidhani tukifa tutamsingizia shetani milele?"

Askari walipanda mbio, wakamchukua yeye na mashine yake. Chini, watoto waliendelea kuimba. Hawakujua lolote.

Asteria akafungua tawi, akaanza kuisukuma Phoenix kupanda mlima. Ilikuwa na mwenyewe.

"Kipanga, tukutumie gari?"

"Lina breki?"

"Lina."

"Mmezikanyaga kabla ya kuondoka?"



Asteria akazima redio, akaendelea kusukuma.