Gitaa Lililomwita Ardis

Velma Stroud alipolitoa gitaa barazani na kumkabidhi Coy Hutchens, alitamka neno ambalo Ardis, mkewe Coy, alishindwa kulimeza.

"Chukueni tu. Ni la jamaa mmoja aliyekuwa akikaa hapa."

Jamaa mmoja. Ilhali lilikuwa la Delbert, kaka yake Velma wa tumbo moja, waliyemzika wiki tatu tu zilizopita, na Velma mwenyewe ndiye aliyemfunga tai ndani ya jeneza.

"Majonzi hayo," Coy alisema garini. "Yanamvuruga mtu akili."

Lilikuwa gitaa la kulaza, lenye miguu minne kama meza ya kupigia pasi. Mpigaji hukaa mbele yake, akatelezesha kipande cha chuma juu ya nyuzi, na sauti ikapanda na kushuka bila kukatika, kama mtu anayejikaza asilie na kilio kikamshinda. Katika nchi ile ya pamba, magharibi mwa Texas, wanaume hawalii. Ukame ukiua ng'ombe hawalii, mke akifa hawalii. Jumamosi alasiri hupiga pasi mashati yao, wakaenda ukumbi wa dansi wa Harlan Flat, gitaa likawalilia. Hata Ardis hakuwa na dawa nyingine. Binti yao, Nelda, alikufa kwa polio akiwa na miaka sita, na tangu siku hiyo Ardis alikuwa akivuta pumzi kamili pale tu Coy alipopiga gitaa lake la zamani ukumbini.

Asubuhi moja Coy alikuwa shambani, Ardis yuko jikoni akikanda unga, gitaa likalia lenyewe sebuleni. Uzi mmoja, sauti moja. Kisha ikaja harufu ya mvua iliyoangukia vumbi, na huko nje mbingu haikuwa imetoa tone kwa miezi mitano. Ile sauti ikateleza juu, ikatetemeka, ikagawanyika vipande viwili: "Maa-ma."

Aliingia sebuleni na unga mikononi, akaweka kiganja juu ya nyuzi. Zilikuwa na joto, joto la paji la uso la mtoto mwenye homa.

Jioni alimuuliza mumewe kwa sauti ya chini. "Coy, hulisikii likiita? Lina sauti ya Nelda."

"Nelda yupi?"

Coy hakuwa mtu wa mzaha wa namna hiyo. Ardis akamletea picha. Coy akaishika kwa vidole vyake vyenye sugu, akaitazama kwa muda mrefu.

"Mtoto mzuri," alisema. "Ni wa akina nani?"

Hapo ndipo alipomwelewa Velma. Jumamosi iliyofuata alikaa ukumbini kwa macho ya mtu aliyeamka usingizini, akaona jinsi watu walivyolia Coy alipotelezesha chuma kwenye gitaa lile, na jinsi walivyotoka wepesi, wakicheka. Akamwona mjane Opal Renfro, ambaye kwa miaka minane hakuvua pete, akicheza dansi kidole kitupu, na alipomuuliza habari za marehemu mumewe, Opal akamkazia macho kama mtu aliyesemeshwa kwa lugha ya kigeni.

Akamwita Mchungaji Beasley, aliyejulikana wilaya nzima kwa kufukuza pepo. Alikuja adhuhuri na chupa ya mafuta, akanywa kahawa, akalipaka gitaa, akaliamuru litoke kwa jina la Yesu. Kukawa kimya, hata nzi hawakusikika.

"Limetakasika," alisema. "Piga kidogo, ndugu Coy, tulisikie."

"Usipige," Ardis alisema. "Mchungaji, nakuomba, asipige."

Coy alishakaa. Chuma kikagusa uzi, na ile harufu ya mvua ikajaa chumba. Mchungaji akafunika uso, akaita, "Raymond, mwanangu Raymond," jina la kijana wake aliyefia vitani Korea, akalia mpaka kola ikalowa, na gitaa likaitikia kila kwikwi yake. Lilipotulia, alijifuta, akachukua kofia yake.

"Asante kwa kahawa, dada Ardis. Samahani, hivi nilikujia nini?"

Kesho yake Ardis alichukua shoka. Alilinyanyua juu ya gitaa, mchana mweupe, mlango wazi, na nyuzi zikasema polepole, kwa ile sauti ya siku za mwisho hospitalini: "Mama, inauma." Shoka likaanguka sakafuni, na yeye akaanguka kando yake, kwa sababu mama gani angemuua mwanawe mara ya pili, na mama gani, akiitwa namna ile, angeziba masikio?

Basi akawa anakaa pale kila siku Coy akiondoka, akiitikia. "Nipo, mwanangu. Nipo." Na kila alipoitikia, kitu kilimtoka. Kwanza harufu ya nywele za Nelda. Kisha pengo la meno ya mbele. Kisha rangi ya macho. Alijua. Alijaribu kuyaandika kwenye karatasi, lakini kesho yake alisoma mwandiko wake mwenyewe kama barua iliyokosea nyumba, na lilipoita tena alikwenda, akikaribia kukimbia, kwa sababu kumsikia kulikuwa kutamu na kumkosa kulikuwa kuchungu, na hakuwa na nguvu ya kuchagua.

Pamba ilipoanza kuchanua alihamia jirani mpya, Bi Twyla Pruitt. Alikuja kusalimia na mkate wa mahindi, akaketi jikoni, akisifu pazia.

"Mna watoto wangapi, Bi Hutchens?"

"Hatukujaliwa," Ardis alijibu, akimmiminia kahawa. Alionekana mwenye afya, mashavu yamejaa.

Kutoka sebuleni sauti ndogo ikaita, mara mbili, mara tatu. Twyla aliweka kikombe chini.

"Nani huyo anayemwita mama yake?"

"Ah, usijali," Ardis alisema. "Ni gitaa tu la mume wangu."