Kikombe Kando ya Maiti

Maiti ya Preston Laddimore ilikutwa asubuhi chini ya ngazi za jumba lake la kale, Carolina Kusini, ambako wageni hulipia kulala walikolala mabwana wa watumwa. Shingo ilikuwa imevunjika. Kando ya mkono kulikuwa na kikombe chake cha kahawa, kimefudikizwa, kitako kimetobolewa.

"Kilivunjika alipoanguka," alisema daktari wa polisi.

Mkaguzi Gadsden alichuchumaa. Sakafuni hapakuwa na kigae hata kimoja.

"Kimetobolewa kwingine, kikaletwa hapa."

Alimhoji mgeni pekee aliyelala humo, Kessler.

"Ulisikia nini?"

"Kishindo, jana jioni."

"Ukafanya nini?"

"Nikafurahi. Tangazo lilisema nyumba ina mizimu." Akainamisha kichwa.

"Kuna kilichopotea?"

"Vyombo vya fedha vipo. Ila kile kikombe cha buluu cha miswaki, bafuni kwangu, hakipo. Kikuukuu, kimetoboka chini."

Gadsden alipita mashamba ya mpunga yaliyoachwa hadi msituni, kwenye makaburi ya watumwa na wajukuu wao. Juu ya kaburi moja palikuwa na kikombe cha buluu. Udongo uliokizunguka ulikuwa umechimbuliwa karibuni.

Bibi yake mwenyewe alizikwa hivyo. Chombo cha mwisho alichonywea marehemu hutobolewa na kuachwa juu ya kaburi lake, ili kifo kisirudi kumchukua mwingine nyumbani.

Jikoni, Bi Verdell, mpishi aliyewaita polisi, alikuwa akisonga uji mzito wa mahindi.

"Kaa ule, mwanangu. Umekonda kama ufito."

"Kikombe cha buluu ni cha nani, Bi Verdell?"

Mwiko ulisimama.

"Cha mama."

"Nani alikitoa kaburini?"

"Bwana Preston. Eti wageni wanapenda vitu vya kale. Jana naingia kusafisha bafu, nakikuta kimejaa miswaki. Nikakichukua. Akanikuta juu ya ngazi, akaking'ang'ania. Nikamsukuma."

"Usingeacha kile kingine, ningeandika kwamba aliteleza."

"Najua."

"Sasa kwa nini ukamtobolea?"

Bi Verdell alizima jiko.

"Nimempikia tangu hajaota meno. Sikuweza kumwacha aende mikono mitupu, hata yeye."

Akapakua uji, akauweka mezani. Gadsden aliketi, akaula wote, taratibu, kisha ndipo akatoa pingu.