Mhadhiri Ashika Chaki

Ayinpoka alikuwa mwanachuo wa ualimu. Chuo kikuu kilimpeleka katika shule moja karibu na Bolgatanga, kaskazini mwa Ghana, kwa mwaka mzima. Zamani wanachuo walikaa wiki sita tu. Mwalimu wake mlezi alikuwa Bi Lamisi, mwenye darasa la tatu.

Jumatatu Ayinpoka aliandika ubaoni 42 kutoa 17. Alieleza kama alivyofundishwa chuoni. Watoto hamsini na mmoja waliitikia, "Ndiyo, madam." Alipokusanya madaftari, arobaini walikuwa wameandika 35.

"Hawasikilizi," alisema. "Labda kazi hii siiwezi."

"Acha hizo, mwanangu," alisema Bi Lamisi. "Umemuuliza hata mmoja amefikaje kwenye 35?"

Wakamwita Asibi, mmoja wa wale arobaini.

"Saba haitoki kwenye mbili," alisema mtoto, "kwa hiyo nikatoa mbili kwenye saba."

Kumbe alikuwa amesikiliza. Alifikiri kwa njia yake, na Ayinpoka hakuijua.

Alhamisi alikuja Dokta Akolgo, mhadhiri wake. Zamani wahadhiri walikaa robo saa, wakajaza fomu, wakaenda zao. Sasa chuo na shule zilikuwa zimekubaliana kwamba mhadhiri na mwalimu mlezi wapange masomo pamoja.

"Ayinpoka aeleze tena, polepole," alisema Dokta alipoonyeshwa yale madaftari.

"Basi eleza wewe, Dokta. Chaki hii hapa," alisema Bi Lamisi.

Ayinpoka aliinamisha uso. Dokta alicheka kidogo, akaichukua. Alieleza polepole. Watoto thelathini na wanane wakaandika 35.

"Nina miaka kumi na miwili sijasimama mbele ya watoto," alikiri. "Wewe ungefanyaje?"

"Ningeanza na mabua," alisema Bi Lamisi.

Mchana ule wote watatu walikaa chini, wakakata mabua ya uwele na kuyafunga kumikumi.

Kesho yake Ayinpoka aligawia kila kundi mafungu manne na mabua mawili.

"Toeni mabua saba."

"Hayatoshi, madam."

"Mtafanyaje?"

Asibi akafungua fungu moja. "Sasa yako kumi na mawili."

Siku hiyo arobaini na sita waliandika 25.

"Muhula ujao, Bi Lamisi, tutafundisha somo hili pamoja chuoni," alisema Dokta.

"Nitakuja. Na wewe utakuwa hapa kila Alhamisi."

"Nitakuwepo."

Ayinpoka hakuwasikia. Alikuwa amepiga magoti kati ya wale watano waliobaki.

"Nionyesheni mlivyofikiri," alisema.