Maranda ya Mkono wa Kushoto

Maji yalikuwa yamefika vifundoni kabla Ravna hajayaona. Alikuwa ameketi omo, mbele kabisa ya boti, amekumbatia mfuko wa kamera, uso ameuelekeza mawinguni akiyaomba yapasuke. Nyuma yake, mkono kwenye injini, shemeji yake Heaika alikuwa akimchokoza tangu walipoondoka: mwanamke anayevuka ziwa zima ili aipige picha nyumba yake mwenyewe, si angebaki ndani akaitazama bure?

Ndipo boti ikawa nzito.

"Shemeji," Ravna alisema, "umemwaga chai?"

"Chai gani ya baridi hivi?"

Heaika aliisogeza ndoo, akaja mbele kwa magoti, akapapasa ubao wa kando pale unapogusana na maji. Kidole chake kikatokeza nje.

Barafu changa ndivyo ilivyo. Ile ya siku za kwanza, nyembamba kama kioo cha dirisha, haimzuii mtu mwenye injini. Unaipasua huku ikilia kama sahani zinazovunjika, na watoto huipenda sauti hiyo. Lakini kila pande linalopita ubavuni ni jino la msumeno. Kwa hiyo kwenye ziwa lile kila vuli, kabla ghuba hazijaanza kuganda, boti ya mbao hupigiliwa bati omo. Mchana ule walikuwa wameipasua barafu ya ghuba ya nyumbani wakicheka, na hakuna aliyeinama kutazama. Bati lilikuwapo miaka yote. Lilikuwapo kwa sababu Jovna alilipigilia. Na Jovna, mume wa Ravna na mdogo wake Heaika, alikuwa amezama katika ziwa hilohilo majira ya kuchipua, barafu ilipokuwa imeanza kuoza.

"Nilidhani umelipigilia wewe," Ravna alisema.

"Nami nilidhani wewe."

Mwenye kazi ile walimjua wote wawili.

Ravna alichukua ndoo akaanza kuyachota maji, Heaika akaielekeza boti ng'ambo, kwa kuwa ng'ambo sasa ilikuwa karibu kuliko nyumbani. Theluji ilianza hapo. Haikuanza kwa kudondoka taratibu, ilikuja imelala na upepo ikawapiga machoni. Ufukwe ukafutika. Nyuma yao nyumba nayo ikafutika, ile nyumba ya mbao nyekundu ambayo wana wa Ravna waliohamia kusini walitaka iuzwe kabla ya Krismasi. Ravna alikuwa amekubali. Alichotaka ni picha moja tu ya kwenda nayo: theluji ya kwanza juu ya paa na mianga ya kaskazini, ile mishipi ya kijani ichezayo angani usiku, juu ya theluji, kama inavyoonekana kutoka ng'ambo. Jovna alimwahidi kila vuli kumvusha akaone. Na kila vuli kulungu wao wa kufugwa walikuwa hawajakusanywa wakatiwa zizini, ahadi ikangoja mwaka mwingine.

Injini ilikohoa, ikanywa maji, ikanyamaza. Walipiga makasia mpaka omo ikagonga barafu ya ufukweni, na boti ikakaa chini kama ng'ombe aliyechoka. Ravna aliuinua mfuko juu ya kichwa akajitosa. Maji yalimfika kiunoni. Hayakuwa baridi, yalikuwa maumivu. Heaika aliruka baada yake na ukingo wa barafu ukampasua muundi wa mguu. Walipotoka nchi kavu damu ilikuwa ikichora nyuma yake juu ya theluji mpya.

Ravna alimfunga jeraha kwa skafu. Simu zao zilikuwa zimelowa zote mbili. Kilichobaki ni kibanda cha wachungaji kwenye rasi, na njia ya kufika haikuonekana.

"Upepo uko shavu gani?" Heaika aliuliza.

"La kushoto."

"Uache hapohapo. Ukihamia la kulia, tunaingia ziwani."

Wakaenda hivyo, upepo shavuni, Heaika akimwegemea, suruali zikigeuka mbao. Kila mara Ravna alimwuliza kitu ili asikie anavyojibu. Alimwuliza majina ya mbwa wake wa zamani, yote, naye akayataja na kumwongezea tusi kwamba hata mbwa wale walikuwa na akili ya kutotoka nje siku kama ile. Kisha akataja jina la mbwa mmoja mara mbili. Kisha akanyamaza.

Kibanda kilitokea mbele yao kama mtu aliyesimama akingoja.

Mlango haukuwa na kufuli, haujawahi kuwa nalo. Ndani kulikuwa na kitanda cha mbao, ngozi mbili za kulungu, kuni chache nene na jiko la chuma, na katika bomba la jiko kulikuwa na mluzi.

Wote wawili walisimama. Mianga haipigiwi mluzi. Mtoto wa kule hulijua hilo kabla hajajua kufunga kamba za viatu. Ukiipigia mluzi inakusikia, inashuka kukutafuta. Jovna peke yake ndiye aliyeipigia, akiwa mtoto na akiwa mzee, huku akicheka. Alipozama, shangazi yao alisema neno moja tu mazishini: alijiita.

"Ni upepo," Ravna alisema.

"Najua ni upepo," Heaika alisema, lakini aliketi mbali na jiko.

Ravna alipapasa juu ya jiko, mahali pa desturi. Atakayetoka kibandani humwachia atakayeingia kiberiti ndani ya kopo na vijiti vya kuwashia vilivyokwisha chongwa, maranda yamejikunja lakini hayajaachia mti, kwa sababu atakayeingia huenda hana vidole kwa baridi. Kiberiti kilikuwapo. Vijiti vilikuwapo. Aliwasha njiti ili aone, akaviona, na njiti ikamuunguza kidole bila yeye kusikia.

Maranda yote yalijikunja upande usio wake. Katika ukoo mzima mashoto alikuwa mmoja. Aliyelala humu mwisho alikuwa Jovna, na alikuwa akitoka hapa kurudi nyumbani juu ya barafu siku aliyozama.

Alivirudisha vijiti juu ya jiko polepole, kama mtu anayemlaza mtoto.

"Washa," Heaika alisema.

"Nitatafuta vingine."

Alitoka. Palikuwa na mti mmoja wa mbetula nyuma ya kibanda, na ganda la mbetula huwaka hata likilowa. Alilishika kwa viganja maana vidole vilikuwa vimekufa, akaegemeza kisu, kisu kikaanguka thelujini. Alikitafuta kwa viwiko. Hakukipata. Magogo yaliyopangwa nje yalikuwa mazima, yamevalia theluji, na shoka likamtoka mikononi kama samaki. Alirudi akiwa na kipande cha ganda kisichozidi sikio la mtoto. Akakiwasha bila vijiti, kikatoa moshi, kikazima.

Heaika hakuwa akitetemeka tena, na hiyo ndiyo hatua ya mwisho ya baridi. Alikuwa amefungua vifungo vya koti.

"Shemeji, funga koti."

"Kuna joto," alisema kwa upole ambao hakuwa nao maisha yake yote. Alikuwa akiutazama mlango. "Mwambie aingie. Mbona unamsimamisha nje?"

"Nani?"

Bomba lilipiga mluzi, mrefu, kisha mfupi. Ravna hakugeuka kuutazama mlango. Alijua kwamba akigeuka hatauweza moto.

"Hakuna mtu nje."

"Basi vile kaviacha nani?" Heaika alisema, na macho yake yakarudi kutoka huko yalikokuwa, yakatua jikoni. "Vimeachwa viwashwe, Ravna."

Miaka yote Heaika alimwita shemeji. Hakuwahi kumwita jina.

Alivishika vijiti kati ya viganja viwili, akavisimamisha jikoni kama Jovna alivyokuwa akivisimamisha, na njiti akaishika kwa meno. Randa la kwanza lilishika, likanyooka, likaliambia la pili. Hakufumba macho. Aliyatazama yote, moja moja, mpaka la mwisho lilipojikunjua likawa moto tu kama moto wowote. Akaulisha kuni, bomba likavuta hewa. Mluzi ukakoma.

Alimvua Heaika nguo, akamfunika ngozi zote mbili, akamsugua mpaka meno yake yalipoanza kugongana upya na yeye akaanza kumtukana. Lilikuwa tusi zuri kuliko yote aliyowahi kusikia.

Jioni ile upepo uliyapasua mawingu. Ravna alitoka na kamera, akasimama mlangoni. Mianga ilikuwa imeshuka chini sana, kijani, ikitembea bila sauti juu ya paa lile dogo ng'ambo, na theluji ya paa ikiirudisha. Alipiga picha. Hakupiga mluzi, lakini alitega sikio kama anayengoja mtu apige.

Asubuhi Gaddja, binti wa Heaika, aliuona moshi akavuka na boti ya chuma. Alimpakia baba yake akasema twende, mama mdogo, ghuba inafunga.

"Ningoje."

Ravna aliketi kwenye ngazi ya mlango na kisu cha Gaddja na kipande cha msonobari. Alipoikwangua theluji kwa kiatu, chini ya ngazi yalitokea maranda ya zamani, meusi kwa unyevu, yamejikunja upande usio wake. Aliinua macho. Mbele yake, katikati ya miti miwili, ilikuwa nyumba yake, dirisha la jikoni likimtazama. Kumbe Jovna alikuwa akichonga hapa, akiiangalia nyumba na yeye Ravna akiwa ndani.

Hakuyaokota. Alichonga ya kwake, mazito, mabaya, yaliyojikunja kulia.

"Hayo maranda?" Heaika alipaza sauti kutoka kwenye boti. "Nilidhani unakata masikio ya ndama kuwatia alama."

Ravna aliyapanga juu ya jiko, kiberiti pembeni, akafunga mlango. Walipokuwa katikati ya ziwa aliuliza bati linakaa wapi.

"Ghalani, juu ya boriti," Heaika alisema. Kisha akamtazama. "Si ulisema unauza nyumba?"

"Na misumari?"