Vikombe Ishirini na Kimoja

Siku ya taifa, tarehe kumi na saba Mei, mji wa bandari wa Tromsø, kaskazini ya mbali, ulifurika watu. Bendi za shule zilipita zikipuliza matarumbeta, na kila mtu alikuwa amevaa nguo bora kabisa kabatini mwake. Katikati ya shamrashamra hizo, ukingoni mwa gati, mwanamke mmoja alikuwa amepiga magoti na gauni lake la sufu la buluu, lenye nakshi za maua pindoni na vifungo vya fedha kifuani, akishusha chupa majini kwa kamba.

"Dada, umeangusha nini? Pete?"

Aliyeuliza alikuwa kijana mrefu, suti ya kijivu imembana mabegani, mkononi ana soseji ndani ya mkate.

"Sijaangusha kitu. Nachota."

"Unachota maji ya bahari? Leo? Na vazi hilo?"

"Wenyewe hawajui kama leo ni sikukuu." Alipandisha chupa na kuiinua juani. Maji yalikuwa na rangi ya chai nyepesi iliyochanganyika na kijani. "Vijimea hivi. Nachota kila baada ya siku mbili tangu Machi. Nikiruka leo, sitajua leo kulitokea nini."

"Kwa hiyo umejipamba kwa ajili ya vijimea?"

"Wao angalau hawanisemeshi na soseji mdomoni."

Kijana alicheka hadi akakohoa. Kisha akachuchumaa, akaitazama kamba yake na kutikisa kichwa. "Fundo hili litakuaibisha. Lete." Alilifunga upya kwa vidole vyepesi. "Sasa hata ukinining'iniza mimi halifunguki."

"Usinitie tamaa."

Aliitwa Eskil, fundi wa kamba na mitambo ya baharini, na Jumatatu angeanza kazi kwenye karakana ya taasisi ileile ya utafiti wa bahari ambako Gunnvor, mwenye gauni, alikuwa akisomea shahada yake ya uzamivu. Walipogundua hilo, wote wawili waliona haya ghafla.

Haikupita miezi miwili, viatu vya Eskil vikawa vinakauka kando ya hita nyumbani kwa Gunnvor, ng'ambo ya daraja.

"Nieleze tena," Eskil alimwambia asubuhi moja akimpakia jibini la kahawia kwenye mkate. "Polepole, kama unamweleza mtu uliyempenda kwa sura tu."

"Sura ipi?" Gunnvor alimpiga na kitambaa cha sahani. "Jua likirudi baada ya kiza cha miezi, vijimea vinachipuka baharini kwa mabilioni. Vinavuta hewa ya ukaa. Vikifa, vingine vinazama, vinadondoka kama theluji. Mimi nataka kujua ni kiasi gani kinafika chini."

"Na kikifika?"

"Kinakaa huko miaka na miaka, hakirudi hewani kutuchemsha."

Kwa ajili ya swali hilo Eskil alimtengenezea mtego. Ulikuwa faneli kubwa ya manjano ya kukinga vinavyodondoka, na chini yake vikombe ishirini na kimoja vilivyozunguka vyenyewe. Kimoja kikimaliza zamu, kingine kinashika, zamu ndefu wakati wa kiza na fupi wakati wa kuchipua. Mtego wote ungefungwa kwenye nanga, mita mia tatu chini ya Bahari ya Barents, na kukaa miezi kumi. Kisha meli ingepiga sauti maalumu majini, kufuli ya betri ingefunguka, nanga ingebaki, na mtego ungeibuka kwa maboya yake. Shahada ya Gunnvor ilining'inia hapo.

Mwishoni mwa Agosti safari ya meli iliharakishwa kwa siku moja. Gunnvor alipiga simu karakana mara tano.

"Eskil, laazizi, lori liko mlangoni."

"Nipe dakika kumi."

"Sina hata mbili! Funga hivyohivyo, tunaondoka."

Akafunga hivyohivyo.

Mwezi Juni mwaka uliofuata meli ilirudi kule kuuchukua mtego. Safari hiyo Eskil alibaki bandarini. Alikuwa akipaka grisi kapi simu ilipoita, na sauti ya Gunnvor ilikuja kwa mikwaruzo.

"Hauji, Eskil. Tumepiga sauti tangu asubuhi. Kufuli haijibu."

"Jaribuni tena."

"Tumejaribu mara arobaini! Nijibu kitu kimoja. Betri za kufuli ulibadilisha?"

Eskil aliweka chini kopo la grisi.

"Eskil?"

"Nadhani."

"Unadhani?"

"Nilibadilisha. Nadhani nilibadilisha."

Simu ilikatika, na hakujua kama ni mawimbi au ni Gunnvor aliyekata.

Alipekua karakana nzima. Nyuma ya droo ya tatu alikuta boksi la betri mpya, bado lina karatasi yake ya nailoni, na juu yake maandishi yake mwenyewe: *Gunnvor, kufuli*. Akakaa sakafuni. Angelitupa tu, hakuna ambaye angejua. Vyombo hupotea baharini kila mwaka. Gunnvor alipiga jioni ile, akapiga kesho yake, akapiga keshokutwa. Eskil alitazama jina lake likiwaka kwenye kioo na kuzimika. Usingizi ulimhama. Alichukua koti na viatu vyake, akahamia kwa dada yake.

Gunnvor aliporudi alikuta nafasi tupu kando ya hita. Alikaa jikoni na koti la meli mwilini. Miaka mitatu ya kazi iko chini ya bahari, na mwanamume ndiye huyo, ameondoka. Alihesabu alivyompigia: mara kumi na moja. Akaanza kupiga ya kumi na mbili, akaacha.

Siku ya nne kengele ya mlango ililia. Eskil alisimama kizingitini, ndevu zimemwota ovyo, boksi mkononi.

"Sikubadilisha," alisema. "Hizi hapa. Zilikuwa kwenye droo."

Gunnvor alisoma jina lake juu ya boksi. "Ungeweza kuzitupa."

"Ningeweza."

"Kwa hiyo siku nne zote hizi ulikuwa unafikiria kuzitupa?"

"Siku ya kwanza tu. Tatu zilizobaki nilikuwa natafuta maneno."

"Maneno!" Machozi yalimtoka kwa hasira. "Betri mtu anasahau, Eskil. Mimi mwenyewe nilikukimbiza kama mbuzi siku ile, najua. Lakini mimi niko katikati ya bahari, nimepoteza kila kitu, napiga simu nyumbani na nyumbani hakuna mtu. Nilijua umeniacha!"

"Nilijua ni wewe utakayeniacha mimi."

"Basi ungengoja uachwe! Huhami kabla!"

Jirani alifungua mlango kidogo, akaufunga. Gunnvor alijifuta uso kwa mkono wa sweta.

"Mkuu wa safari amenipa siku moja Julai," alisema kwa sauti iliyochoka. "Wataburuta kulabu chini, huenda zikanasa kamba. Kitanda melini ni kimoja. Nenda wewe."

"Ni mtego wako."

"Mikono inayoijua kamba ile ni yako. Nenda. Na ndani usiingie, leo siwezi kukutazama."

Meli iliondoka Jumatatu. Siku ya kuburuta, Gunnvor alijaribu kufanya kazi, akashindwa. Alijaribu kula, akashindwa. Saa nane mchana alikuwa kwenye foleni ya duka la vyakula, mkononi maziwa na mfuko wa samaki wabichi, simu ilipoita. Alitoka kwenye foleni, akageukia rafu ya sabuni.

"Gunnvor, ni mimi. Sikiliza..."

"Ngoja! Usiseme." Alishika rafu. "Kabla hujaniambia mtego umepatikana au haujapatikana, nataka tuoane. Nataka uwe umejibu kwanza."

Upepo ulivuma upande wa pili. Mama mmoja aliyekuwa akichagua sabuni aliacha kuchagua.

"Eskil, upo?"

"Nipo. Unasema kweli?"

"Niko katikati ya duka, watu wananitazama. Jibu!"

"Ndiyo. Ndiyo, kipenzi. Sasa naruhusiwa kusema?"

"Sema."

"Kulabu ilinasa mara ya tatu. Umetoka, lakini uligonga ubavu wa meli. Vikombe kumi na vinne ni vizima. Saba vimepasuka, vya mwisho."

Gunnvor alifumba macho. Saba vya mwisho vilikuwa nusu ya pili ya Aprili, Mei yote, na Juni. Kilele chote cha majira ya kuchipua.

"Samahani, Gunnvor. Samahani sana."

"Cha kumi na nne," alisema hatimaye. "Unacho hapo? Kiinue kwenye mwanga. Kina nini?"

Alimsikia akitembea, chuma kikilia chini ya buti zake.

"Cha kumi na tatu ni maji matupu," Eskil alisema. "Hiki kina tope chini. Nusu kidole hivi. La kijani."

"Kijani kweli?"

"Kijani kabisa."

Gunnvor aliketi sakafuni, kati ya sabuni, maziwa mapajani.

"Basi kuchipua kulianza, na vijimea vikafika chini," alisema. "Kifunike vizuri, ukilete nyumbani."