Aliyepimwa kwa Macho

Kila asubuhi Araba Quansah alikunja godoro lake, akalitia kabatini, kisha akakaa sakafuni mbele ya mama yake ili asukwe nywele. Saa hiyo ndipo baba yake, Ebo, aliporudi kutoka zamu ya usiku kwenye kiwanda cha vipuri vya magari. Alivua viatu mlangoni, akavigeuza vikaelekea nje kama wafanyavyo majirani, akaketi kunywa supu. Alikuwa amechoka, na si kazi peke yake iliyomchosha.

"Leo umekaa na nani kwenye treni?" mama alimtania.

"Na mkoba wangu," baba akajibu. "Watu wamesimama wamebanana, na kiti cha kando yangu kitupu. Nikaona bora mkoba nao upumzike."

Araba naye alikuwa na uchovu wake. Aliletwa Japani kutoka Ghana akiwa na miaka miwili, na sasa alikuwa na kumi na miwili. Hata ndoto zake zilikuwa za Kijapani. Hata hivyo haikupita wiki bila mtu mzima kumsifu kwamba anajua kushika vijiti vya kulia, au mtoto kumtia vidole kwenye nywele bila hodi. Alisema "asante" mpaka neno lenyewe likamchosha. Mwezi wa tisa, baba alipohamishiwa kiwanda kingine cha kampuni ile ile, Araba alihamia darasa la sita katika shule mpya, na macho yote yakaanza upya.

Rafiki yake wa kwanza huko alikuwa Chinatsu, msichana mfupi wa nyumba ya pili, ambaye alitembea naye kwenda shule bila kumuuliza maswali. Chinatsu alipenda mbio kuliko chakula.

Shule ilikuwa ikijiandaa kwa siku ya michezo. Shindano kubwa lilikuwa mbio za kupokezana kijiti, na kila darasa lilitoa wakimbiaji wanne. Hawakuchaguliwa kwa kupendelewa. Mwalimu Kuwabara aliwapima wote kwa saa katika mita hamsini na kubandika orodha ukutani. Siku ya kupimwa, Araba alikuwa kitandani na mafua.

Aliporudi, Ryohei, mvulana mwenye maneno mengi, alisimama. "Mwalimu, Araba wa nini kumpima? Si unamwona mwenyewe?"

Darasa likapiga makofi. Mwalimu Kuwabara, ambaye hata maziwa ya mchana aliyagawa kwa kipimo, siku hiyo hakupima kitu. Aliandika jina la Araba nafasi ya nne, ya mkimbiaji wa mwisho anayevaa mshipi begani. Ili kumpa nafasi, alifuta jina la Chinatsu, ambaye akapewa kazi ya kutangaza kwenye kipaza sauti.

"Baba yako naye alikuwa mkimbiaji, sivyo?" Ryohei akauliza.

Araba alitazama huku na huku. Kwa mara ya kwanza walimtazama na kufurahia walichokiona. "Ndiyo," akasema. "Alikimbilia timu ya taifa."

Ukweli ni kwamba kule Ghana baba yake alikuwa fundi cherehani, na Araba mwenyewe, tangu azaliwe, hakuwahi kumshinda mtu mbio isipokuwa bibi yake.

Wiki mbili zilipita. Mazoezini walifundishwa zaidi kupokezana kijiti, na Araba alipojikokota, Ryohei aliwaambia wenzake, "Mwacheni, anaficha makali yake." Watu wakiamua kuona jambo, hata ukichechemea watasema unacheza. Usingizi wa Araba ukawa wa mang'amung'amu, na chakula kikamshinda. Kisha ikaja barua ya darasa kumwalika baba yake akimbie mbio za wazazi. Aliisukuma chini kabisa ya mkoba wake.

Jioni moja alimkuta Chinatsu kwenye njia ya kando ya mto, akikimbia peke yake, jasho likimtoka.

"Bado unafanya mazoezi?" Araba akauliza.

"Nimezoea tu," Chinatsu akasema, akipangusa uso. "Mama alikuwa ameomba ruhusa kazini aje aniangalie. Hajawahi kupata nafasi. Sasa atanisikia nikitangaza. Basi tena, nitafanyaje?"

Araba alitaka kusema ukweli, lakini akaaga tu. Alirudi nyumbani akijichukia.

Njia ya mwongo ni fupi. Siku mbili kabla ya michezo, baba alikwenda kuweka taka za kuchomwa mahali pake, akakutana na mama yake Ryohei. Aliporudi, alisimama mlangoni bila kuvua viatu.

"Araba," aliita. "Mimi nimekimbilia taifa gani?"

Araba akalia mpaka akakosa pumzi. Kisha akaeleza yote. "Nimechoka, Baba. Kila siku mimi ni kitu cha kutazamwa. Siku ile walinitazama kwa furaha, nikashindwa kuwaambia siyo."

Baba alikaa kitako pale pale mlangoni.

"Kwenye kampuni, kila sherehe ya mwisho wa mwaka, wananisukuma mbele nicheze ngoma," akasema. "Mimi na ngoma wapi na wapi? Mwaka wa kwanza nilicheza ili wafurahi. Mwaka huu utakuwa wa tano. Ukianza, mwanangu, hawakuachi. Na ule uchovu hauishi, unaongezeka. Lakini mimi ngoma yangu haikumwondoa mtu mahali pake. Wewe kuna uliyemwondoa."

"Chinatsu," Araba akasema kwa sauti ndogo.

"Basi kesho utasema mwenyewe. Mimi nitasimama nyuma yako, ila mdomo utakuwa wako."

Kesho yake baba hakulala baada ya zamu. Alivaa shati safi akamsindikiza. Mwalimu Kuwabara alikuwa karibu na makabati ya viatu. Araba aliinamisha kichwa, akasema yote kwa pumzi moja: kwamba hana mbio, kwamba baba yake alikuwa fundi cherehani, kwamba nafasi ile ni ya Chinatsu.

Mwalimu alichukua saa yake, akampeleka uwanjani, akampima. Sekunde kumi nukta nne. Katika wanafunzi ishirini na nane, akawa wa ishirini na sita.

Darasani mwalimu alisimama mbele ya wote akainama mpaka kiunoni. Wanafunzi walishangaa, maana hawakuwahi kumwona akiwainamia.

"Araba alisema uongo, na ameukiri," alisema. "Kosa la kwanza lakini ni langu. Ninyi nyote niliwapima kwa saa. Araba nilimpima kwa macho."

Si wote waliopoa. Ryohei alinung'unika kwamba sasa watashindwa, na msichana mmoja hakumsemesha Araba mpaka mwisho wa mwezi. Chinatsu naye alikuwa na hasira. "Ungeniambia kule mtoni," alisema. Kisha akatoa karatasi za matangazo, akazisukuma juu ya meza ya Araba. "Basi utatangaza wewe. Jina langu ulitamke sawasawa."

Siku ya michezo Araba alikaa ndani ya hema, na sauti yake ikatoka katika vipaza sauti vya uwanja mzima, wazi na tulivu. Chinatsu alipokea kijiti akiwa wa nne, akawapita wawili. Walipata nafasi ya pili. Mama yake Chinatsu alikuwa kwenye kamba ya watazamaji, bado na sare ya kazi, akipunga mikono yote miwili.

Mchana familia ya Araba ilikula matonge ya wali juu ya turubai. Baba alisinzia ameketi, tonge mkononi. Alipozinduka, akamtazama binti yake.

"Watu watakupa sifa usizo nazo na aibu usizo nazo," alisema. "Hilo halitaisha leo, nisikudanganye. Aibu isiyo yako utaikataa haraka. Sifa isiyo yako nayo ikatae, maana inamuumiza mwenye nayo, halafu inakuumiza wewe. Sema ukweli hata ukiwa umechoka. Uongo unachosha zaidi."

Wakati huo mama mmoja wasiyemjua alipita, akasimama, akamtazama Araba kuanzia miguuni.

"Miguu mirefu hiyo," alisema akitabasamu. "Huyu lazima ana mbio kweli kweli."

Baba akafumba macho. Araba akameza wali wake kwanza.

"Sina, mama," akasema. "Mimi ni wa ishirini na sita. Mwenye mbio ni yule pale, yule mfupi, anayekula na mama yake."